UZI: "Waokota masazo" ya Millet, wanawake watatu walioikera Paris mwaka 1857

Fundi Fremu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kule kwenye uzi wa Mona Lisa niliwapigia kelele mno kuhusu picha moja, mkanifukuza nikaifungulie uzi wake. Haya, nimekuja.

Inaitwa Des glaneuses, waokota masazo. Mchoraji ni Jean-François Millet, Mfaransa, na aliionyesha Paris mwaka 1857. Ni rangi ya mafuta kwenye turubai, sentimita 83.5 kwa 110. Si picha kubwa, mtu mmoja anaibeba mwenyewe. Leo iko Musée d'Orsay, makumbusho ya sanaa ya Paris. Ifungue kwenye simu kabla hujaendelea kusoma, maana bila kuiona tutakuwa tunapiga porojo.

Mbele kabisa wapo wanawake watatu kwenye shamba la ngano lililokwisha kukatwa. Wa kushoto ana kitambaa cha bluu kichwani. Ameinama hasa, mkono mmoja uko chini kwenye mabua, wa pili ameukunja mgongoni na umeshika kifungu cha masuke. Wa kati ana kitambaa chekundu, naye kainama vilevile. Wa kulia yuko nusunusu, hujui kama anainuka au anajiandaa kuinama tena, anaweka sawa alichopata. Aproni zimekunjwa na kufungwa kiunoni zikawa mifuko. Nyuso zao ziko kivulini kiasi kwamba huwezi kusema yupi mzuri wala yupi ana umri gani.

Sasa peleka macho kule nyuma. Milundo mikubwa ya ngano, mkokoteni umejazwa miganda, kundi zima la wavunaji, na upande wa kulia, mdogo kabisa, mtu juu ya farasi. Huyo ni nyapara. Kule kwake jua limemwagika na kila kitu ni dhahabu. Huku mbele ni masuke ya kuokota moja moja.

Wengi huisoma hii kama picha ya kuwahurumia maskini. Mimi naiona ina makali zaidi ya hapo. Millet amepima umbali uliopo kati ya ngano na mtu anayeihitaji, akatuwekea pande zote mbili kwenye turubai moja. Ondoa nyapara na mkokoteni, unabaki na wanawake watatu wanaofanya kazi. Virudishe, picha inakuwa mashtaka, na mchoraji hajafungua mdomo.

Kuhusu sheria, kwa sababu najua mtauliza. Kuokota masazo Ufaransa ilikuwa haki ya zamani sana. Amri ya mfalme Henri II ya mwaka 1554 iliwaruhusu wazee, wasiojiweza na watoto kuingia shambani baada ya mwenye shamba kuondoa mavuno yake. Kanuni ya adhabu ya mwaka 1810 haikuifuta haki hiyo, iliibana tu: ni kosa kuokota kwenye shamba ambalo halijamalizwa kuondolewa mavuno, na ni kosa kuokota kabla ya jua kuchomoza au baada ya kuzama. Kwa hiyo hawa hawaibi. Ila wanafanya kazi wakiwa wanatazamwa, na saa ikiwa inawakimbiza.

Ilipotundikwa kwenye Salon, yale maonyesho makubwa ya Paris, wahakiki walichachamaa. Paul de Saint-Victor aliwaita wanawake hawa miungu watatu wa majaaliwa wa ufukara, akimaanisha wale wa hadithi za Wagiriki wanaosokota na kukata uhai wa binadamu. Kwenye gazeti la Le Figaro mhakiki mwingine aliandika kwamba nyuma ya waokotaji hawa anaona mikuki ya ghasia za umma na majukwaa ya kukatia vichwa ya mwaka 1793, enzi za mapinduzi ya Ufaransa. Wanawake watatu wanaookota masuke, jamani!

Karibuni.

Ukindu

Navuta kiti. Nimeifungua. Nakiri kwenye simu sikumuona huyo nyapara mpaka nilipoikuza.

Jembe Butu

Mkuu Fundi, nakuheshimu, lakini hizi picha zinanichosha. Mtu anakaa mjini, anachora maskini, tajiri mwenzake ananunua anatundika sebuleni, wageni wanakuja wanasema "maskini weee" huku wanakula kuku. Hao kina mama walipata nini? Hata majina yao hatuyajui.

Fundi Fremu

Jembe, kwenye la majina uko sawa kabisa. Kwenye la mtu wa mjini, hapana. Millet alizaliwa mwaka 1814 Gruchy, kijiji kidogo cha Normandy karibu na bahari, kwao wakulima, na shamba alilifanyia kazi kabla ya kwenda kujifunza uchoraji Cherbourg, kisha Paris mwaka 1837. Paris aliishi kwa kuchora sura za watu na picha za wanawake watupu, ndizo zilikuwa zinauzika. Mwaka 1849, mji ukiwa na kipindupindu na vurugu za mwaka uliotangulia hazijasahaulika, alihamisha familia Barbizon, kijiji kilicho pembeni mwa msitu wa Fontainebleau. Alikaa huko mpaka kufa kwake mwaka 1875. Alizaa watoto tisa, na barua zake kwa rafiki yake Alfred Sensier zimejaa habari za madeni.

Kuna kisa kimoja cha Barbizon nakipenda. Jirani yake Théodore Rousseau, mchoraji wa misitu ambaye naye aliwahi kusota, alinunua picha ya Millet ya mkulima anayepandikiza mti, mwaka 1855, kwa faranga 4,000. Akadanganya kwamba mnunuzi ni Mmarekani, ili rafiki yake asijisikie anasaidiwa. Leo wamezikwa jirani, makaburi ya Chailly, kijiji kilicho karibu na Barbizon.

Mama Mpunga

Habari zenu wanangu. Mimi mambo ya Paris siyajui, lakini kuinama nakujua.

Huyo wa kushoto ndiye aliyenishawishi kwamba mchoraji hakusimuliwa. Angalieni ule mkono wa mgongoni. Ukiokota kwa muda mrefu, mkono wa kuume unafanya kazi, wa kushoto unashika ulichokwisha kupata. Ukiuacha mbele, unazuia macho na masuke yanaburuta chini yanapukutika. Ukiushika pajani unachoka haraka. Unaupeleka mgongoni, na hapo unakuwa umejikandamiza kiuno kidogo, kinakupa nafuu. Hilo hakufundishi mtu. Mwili unalitafuta wenyewe.

Na huyo wa kulia, Fundi, mimi nasema anajiandaa kuinama. Anayeinuka hasa hutanguliza kifua na anashika kiuno. Huyu bado kichwa kiko chini, macho yako kazini. Hajamaliza.

Kwetu kwenye mpunga nako ipo. Mashine ikishapita, wanawake na watoto wanaingia kuokota kilichoanguka na kupepeta upya lile pumba. Kuna wenye mashamba wanaacha, kuna wanaofukuza. Na yule anayesimama ukingoni mwa jaruba kuangalia nani kaingia wapi, huyo yupo kila msimu. Farasi tu ndio hana.

Ukindu

Mama Mpunga umemaliza kila kitu. Uzi ufungwe!

Rangi Mbichi

Usifungwe bwana, wachoraji hatujasema.

Nataka kuongezea kwa upande wa ufundi. Millet hakukaa shambani na turubai. Alikuwa anatembea, anatazama, anachora michoro midogo, halafu picha anaifanyia chumbani kwake, sehemu kubwa kwa kumbukumbu. Na hii haikuja siku moja. Mwaka 1853 alishachora waokotaji kwenye picha ya wima, ikiwa ndiyo "Kiangazi" ndani ya seti ya majira manne ya mwaka. Baadaye akawachora tena kwa kuchonga kwenye bamba la shaba. Ilipofika 1857 alikuwa ameshajaribu migongo hii kwa kila namna, ndiyo maana hakuna mstari hata mmoja unaotetereka.

Angalieni migongo ya hao wawili wa kwanza, halafu angalieni milundo ya ngano kule nyuma. Umbo ni lilelile, duara limelala. Jicho lako linaunganisha vitu hivyo viwili hata kama hujui kwa nini. Kisha mstari wa upeo: amewabana chini yake. Wavunaji wa mbali wamesimama, ni wadogo kama punje, lakini wamesimama. Hawa wakubwa wa mbele ndio walioinama. Yaani ukubwa wa mwili na ukubwa wa hadhi amevigeuza makusudi.

Rangi nazo. Kitambaa cha bluu, chekundu, na cha tatu cha rangi ya ngano iliyofifia. Vimezimwazimwa, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Kule nyuma ametumia rangi nyepesi mpaka watu wanakaribia kuyeyuka. Mwanga wa jioni unagusa mabega, shingo, mgongo na mikono, unaziruka nyuso. Na mikono ile, tazameni ilivyo minene, vidole kama vimevimba. Mchoraji wa kawaida wa wakati ule angeilainisha.

Jembe Butu

Rangi Mbichi, hapo umenipata kidogo. Hilo la wadogo wamesimama na wakubwa wameinama sikuliona.

Lakini swali langu bado. Kwa nini matajiri waliogopa? Wanawake watatu hawana hata panga.

Kibarua Mstaafu

Nijaribu kulijibu hilo, nilifundisha historia sekondari.

Angalia miaka. Februari 1848 Ufaransa inapindua mfalme. Juni mwaka huohuo wafanyakazi wa Paris wanaingia mitaani na maelfu wanauawa. Katikati ya hayo, wanaume wote wanapewa kura, na kwa kuwa nchi ilikuwa ya wakulima, ghafla mkulima ana sauti. Desemba 1848 kura hizo za vijijini ndizo zinampa urais Louis-Napoleon. Miaka mitatu baadaye anajipindulia katiba mwenyewe, na baadhi ya vijiji vya kusini vinachukua silaha kumpinga. Mwaka 1852 anajitangaza mfalme, Napoleon wa Tatu.

Kwa hiyo mtu wa Paris mwaka 1857 akimtazama mkulima, hajui anamtazama nani. Ndiye aliyemweka mfalme madarakani, au ndiye atakayekuja na uma wa kubebea nyasi? Wakati huohuo watu wa vijijini walikuwa wanamiminika mjini kutafuta kazi. Hofu ilikuwa tayari, picha iliikuta.

Lipo na la kisanaa. Ukubwa wa mtu kwenye picha ulikuwa na watu wake: watakatifu, wafalme, mashujaa wa Roma. Mkulima alikuwa anaruhusiwa kuwepo akiwa mdogo, anacheza ngoma, amelewa, au amepamba mandhari. Gustave Courbet alishaanza kuvunja utaratibu huo. "Wapasua mawe" aliichora mwaka 1849, mzee na kijana wanagonga kokoto za barabara, nguo zimechanika, nyuso hazionekani. Ile ikapotea kwenye vita, iliteketea karibu na Dresden mwaka 1945, tumebaki na picha za kamera tu. Na "Mazishi ya Ornans" ina upana wa zaidi ya mita sita na nusu, kwa ajili ya msiba wa kijijini! Watu walisema huyu ana kichaa.

Millet alikuwa mpole kuliko Courbet, na alikana kabisa kwamba yeye ni msoshalisti. Alimwandikia Sensier kwamba upande wa ubinadamu ndio unaomgusa zaidi kwenye sanaa. Lakini wahakiki hawakuwa wanasoma barua zake.

Binti Ngano

Mwalimu asante. Mnaotaka kuona tofauti, tafuteni picha ya Jules Breton, "Kuitwa kwa waokota masazo", ya mwaka 1859. Nayo iko Orsay. Kazi ileile, miaka miwili tu baadaye.

Humo jua limezama, mwezi mwembamba umetoka, na mlinzi wa mashamba ameweka mkono mdomoni anapiga kelele kwamba muda umekwisha. Ni ile sheria aliyoitaja Fundi, ya jua kuzama. Wanawake wanaondoka na miganda yao. Lakini waone! Wamenyooka, shingo ndefu, miguu mitupu lakini inatembea kama ya malkia. Kuna mmoja katikati anatazama mbali utadhani anapigwa picha ya harusi.

Hiyo ya Breton ilinunuliwa kwa fedha za Napoleon wa Tatu mwenyewe. Umaskini uleule, ila huu haumsumbui mtu chakula kikiwa mezani. Ndipo nilipoelewa Millet aliwaudhi kwa lipi. Hakuwaacha wapendeze.

Jembe Butu

Binti Ngano, nimeziweka zote mbili pamoja kwenye skrini. Ya Breton ni nzuri kuitazama, sitakataa. Ningeulizwa bila kujua historia ningesema ndiyo bora.

Rangi Mbichi

Na Breton si mchoraji mbaya hata kidogo, mwanga wake wa jioni ni wa kiwango. Ila ukiitazama ile ya pili baada ya Mama Mpunga kueleza habari ya kiuno, unaanza kujiuliza hawa wa Breton waliinama saa ngapi.

Shemasi

Bwana asifiwe wapendwa. Mbona hamumtaji Ruthu? Walawi 19 Mungu anawaambia Israeli wasivune pembe za mashamba yao wala wasiokote masazo, wawaachie maskini na mgeni. Ruthu akaokota nyuma ya wavunaji wa Boazi. Millet alikuwa Mkatoliki, alilelewa na bibi yake aliyeshika dini sana. Naamini picha hii ni ya imani kabla ya kuwa ya siasa.

Fundi Fremu

Shemasi, una hoja, na ushahidi upo. Kwenye Salon ya mwaka 1853 Millet alipeleka picha ya wavunaji wamepumzika wanakula, na jina la kwanza alilolifikiria lilikuwa Ruthu na Boazi. Mwanamume anamleta mwanamke mgeni kwa wenzake. Ile ikapata medali, leo iko Boston.

Lakini linganisha. Kwa Boazi mwenye shamba anashuka, anakuja karibu, anasema karibu chakula, hata anaagiza vijana wadondoshe masuke makusudi. Kwenye ya mwaka 1857 Boazi yuko wapi? Aliyepo ni mwajiriwa juu ya farasi, mbali, mgeni hamkaribishi. Millet aliijua Biblia vizuri, kwa hiyo sidhani kama alisahau.

Ukindu

Hii ya "Boazi yuko wapi" naiba, kesho naenda nayo kwenye jumuiya.

Mzee wa Masuke

Kuna kitu hamjakisema. Fundi ametuambia sheria inakataza kuokota kabla mavuno hayajaondolewa yote. Kwenye picha mavuno yapo, mkokoteni unapakiwa. Je, hawa hawajavunja sheria?

Kibarua Mstaafu

Swali zuri. Sehemu waliyosimama wao imeshakatwa na kusombwa, mabua tu. Kwa mazoea ya vijijini nadhani wangeruhusiwa. Kwa maandishi ya sheria, "shamba lililomalizwa" ni lipi, hiki kipande au bonde zima? Hapo ndipo nyapara anapata kazi ya kufanya. Na mijadala ya kuibana haki hii ilikuwa inaendelea Ufaransa miaka hiyohiyo ya 1850, kwa sababu wenye mashamba makubwa ya ngano hawakupenda watu wa nje kuingia. Bonde la Chailly lilikuwa la mashamba makubwa namna hiyo.

Jembe Butu

Narudi kwenye pesa kwa sababu hamtaki kuzigusa. Iliuzwa shilingi ngapi?

Fundi Fremu

Faranga 3,000 baada ya maonyesho. Alikuwa ameomba 4,000.

Sasa shika kiti. Mwaka 1889, miaka kumi na minne baada ya yeye kufa, picha hiihii ilinunuliwa kwa faranga 300,000. Mnunuzi alikuwa Madame Pommery, mjane aliyeendesha kampuni ya shampeni kule Reims. Akaikabidhi kwa taifa, na alipofariki mwaka 1890 ikaingia Louvre, makumbusho ya taifa hapo Paris, kabla ya kuja kuhamia Orsay. Mara mia moja ya bei ya kwanza, na familia ya Millet haikupata hata senti.

Mwaka huohuo wa 1889 picha yake nyingine, "Angelus", mume na mke wamesimama kwenye shamba la viazi wakisali jioni, ilipigwa mnada kwa faranga 553,000. Serikali ya Ufaransa ilitaka kuinunua, fedha hazikupatikana, ikaenda Marekani ikazungushwa miji ikionyeshwa kwa kiingilio. Tajiri mmoja wa maduka ya Paris, Alfred Chauchard, akairudisha nyumbani kwa bei kubwa zaidi, na naye akaiachia Louvre. Kelele za mambo kama haya zilichangia kupatikana kwa sheria ya Ufaransa ya mwaka 1920, inayompa msanii au warithi wake asilimia fulani kila kazi yake inapouzwa tena. Kwa hiyo Jembe, ukiuliza nani alifaidi, jibu la kwanza ni wafanyabiashara. Jibu la pili, la kuchelewa, ni wasanii waliokuja baadaye.

Jembe Butu

Na kina mama watatu?

Fundi Fremu

Kina mama watatu hapana.

Jembe Butu

Asante. Nilitaka tu liandikwe humu.

Mama Mpunga

Mwanangu Jembe, usikasirike sana. Mimi nimezeeka bila mtu kunichora. Nikiiona hii nafurahi, kwa sababu kuna mtu alikaa akafikiri mgongo wa mwanamke anayeokota unastahili rangi. Pesa zao waachie wao.

Jembe Butu

Mama shikamoo. Nimeshuka.

Binti Ngano

Tukiwa bado kwenye Millet, tafuteni na "Mpepetaji". Aliionyesha mwaka 1848, mwanamume kashika ungo mkubwa wa kienyeji wao, anarusha ngano, vumbi la dhahabu limemzunguka. Ilinunuliwa na Ledru-Rollin, waziri wa serikali ya mapinduzi. Kichwani kitambaa chekundu, shati jeupe, magotini matambara ya bluu, yaani bendera ya Ufaransa imevaliwa na kibarua. Watu waliamini iliungua Boston mwaka 1872, ikaja kuonekana miaka mia baadaye darini kwenye nyumba moja Marekani. Sasa iko London.

Mama Mpunga hiyo utaipenda, ungo wenyewe anaushika kwa goti.

Mama Mpunga

Nimeiona. Kwetu tungekaa au kusimama kinyume na upepo, huyu anapepetea ndani ghalani. Mavumbi yote hayo kifuani! Kifua kitamuuma.

Ukindu

Wakuu swali la mwisho la mtu asiyejua kitu. Van Gogh na Millet wana uhusiano gani? Nimetafuta Millet, nikaletewa Van Gogh kibao.

Rangi Mbichi

Van Gogh, mchoraji Mholanzi, alimwona Millet kama mwalimu ingawa hawakukutana. Ile ya mpanzi anayetembea akimwaga mbegu, Millet aliichora mwaka 1850, Van Gogh akairudia tena na tena. Alipokuwa kwenye hospitali ya Saint-Rémy mwaka 1889 na 1890, alikuwa anachukua picha za Millet zilizochapwa nyeusi na nyeupe, anazichora upya kwa rangi zake mwenyewe. "Hatua za kwanza", ya baba anamnyooshea mikono mtoto bustanini, ni mojawapo. Mpangilio ni wa Millet, rangi ni za Van Gogh.

Mzee wa Masuke

Mimi nitasema kinyume na mleta uzi kidogo. Unasema ni mashtaka. Mimi naona Millet ameyakubali mambo yalivyo. Hakuna hasira humo. Nyapara hana fimbo, hapigi mtu, wavunaji wanaendelea na kazi, jua linatua. Kama ni mashtaka, mshtakiwa nani?

Fundi Fremu

Hapo tutabishana mpaka asubuhi, mzee wangu. Ni kweli hakuna fimbo. Ila angeweza kabisa kumweka nyapara nje ya picha, na turubai ingepumua vizuri zaidi upande ule wa kulia. Alimweka, tena akamfanya mdogo hivyo, akijua anayetazama kwa haraka atampita. Mtu aliyeyakubali mambo hajisumbui na kazi ya namna hiyo.

Ukitaka hasira, ipo ile ya "Mtu mwenye jembe", aliyoionyesha mwaka 1863, sasa iko makumbusho ya Getty kule California. Mwanamume ameegemea jembe, mdomo wazi, amekwisha. Huyo hakuna mtu aliyemwita mzuri.

Mzee wa Masuke

Nitaitafuta hiyo. Lakini sijakubali.

Ukindu

Fundi, nataka kuitundika hii nyumbani. Niprinti vipi?

Fundi Fremu

Chukua picha kubwa kutoka tovuti ya Musée d'Orsay, usichukue zile zinazozunguka mitandaoni zimeongezwa rangi mpaka ngano inawaka. Waambie dukani wasiongeze mwanga, nyuso zinatakiwa kubaki gizani. Na simama naye fundi akiikata: picha hii haiendani na fremu nyingi za dukani, kwa hiyo wanakata pembeni ili itoshe, na upande wanaopenda kukata ni wa kulia. Nimeshaletewa kadhaa za kuwekea fremu, nyapara hayupo.

Jembe Butu

Hahaha, wamemfukuza kazi.

Ukindu

Ya sentimita sitini kwa upana na fremu ya mninga ni bei gani?

Fundi Fremu

Njoo inboksi mkuu, uzi huu hatuugeuzi duka.